Mega Kumi na Mbili, Jua Likiwaka

Kuna watu mvua ikinyesha wanavuta shuka. Kuna wanaotoka mbio kukinga ndoo. Mimi mvua ikinyesha nasomewa mashtaka. Tena si lazima inyeshe nilipo. Naweza kuwa nimelala zangu Kimara, Dar es Salaam, mbingu nyeupe, kumbe karibu kilomita elfu moja kutoka hapo, kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria upande wa Kagera, radi inapiga na mhasibu wa kampuni inayonunua sangara ameshashika simu. Saa kumi na moja alfajiri. Salamu hakuna.

"Fundi, mtandao wako unatambaa."

Mtandao wangu. Ukikimbia ni wa kampuni, ukitambaa ni wa fundi.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza linki za satelaiti, yale madishi makubwa mnayoyaona nyuma ya mabenki ya wilayani, kwenye kambi za migodi na hoteli za mbugani. Mtaani nimeshindwa kulieleza hilo. Ukishaonekana mara moja umebeba LNB, kile kichwa cha dishi, mkononi, wewe ni fundi dishi, na dishi kwa mtu wa mtaani ni lile la king'amuzi. Kwa hiyo siku ya Simba na Yanga mvua ikidondoka, kesi ya kwanza inafunguliwa na majirani. "Shemeji, picha imeganda, na wamepata kona!" Mimi naitwa shemeji na watu ambao dada zao siwajui.

Nawaambia kila siku: hilo dishi lenu lina masikio, mdomo halina. Linapokea tu. Mwenye televisheni anarusha matangazo mara moja kwa watazamaji wote, wa Bukoba na wa Mtwara, wenye jua na wenye mafuriko, kwa mtindo mmoja aliouchagua mwenyewe. Mvua ikilipiga bati lako wewe, yeye hana habari, na hata angekuwa nayo asingeweza kukupunguzia wewe peke yako. Ndiyo maana picha ya king'amuzi haina katikati: ama iko safi, ama inavunjikavunjika vipande na kuganda hadi Mwenyezi Mungu atakapoamua. Wananisikiliza hadi mwisho, kisha wananiuliza kama nimekuja na spana.

Modemu ninayofunga mimi ina masikio na mdomo. Ndani yake kuna kitu tunakiita ACM, na kirefu chake kwa Kiswahili cha kawaida ni kubadilisha modulesheni na usimbaji kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Chukua mtu anayezungumza na bibi yake mwenye masikio mazito, ndani ya nyumba ya bati. Kukiwa kimya anammwagia habari zote za mjini kwa mkupuo mmoja. Mvua ikianza kupiga bati, anapunguza kasi na kurudiarudia maneno. Ikizidi, anabaki na "ndiyo" na "hapana". Mazungumzo hayajakatika, ila habari zimepungua, na aliyemwamuru azipunguze ni bibi mwenyewe kwa kusema, "Unasemaje?" Modemu ya kisiwani husema "unasemaje" mchana kutwa na usiku kucha, na ile ya Dar husikiliza na kujirekebisha.

Modulesheni ndiyo kasi ya kumwaga. Kwenye QPSK kila alama inayorushwa hubeba biti mbili. Kwenye 8PSK tatu, 16APSK nne, 32APSK tano. Usimbaji ndio kurudiarudia. Ukiona robo tatu, ujue katika kila biti nne zinazosafiri, tatu ni mzigo na moja ni mlinzi. Ukiona robo, mzigo ni mmoja na walinzi ni watatu, kama msafara wa waziri. Kiwango cha DVB-S2, kilichochapishwa na taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, mwaka 2005, kimepanga michanganyiko hiyo katika ngazi 28. Ngazi ya chini kabisa, QPSK robo, inasikika hata ishara ikiwa desibeli 2.35 chini ya kelele. Yaani kelele imeizidi sauti, na bado modemu inatoa neno sahihi. Nyumbani kwangu kuna watu wanashindwa kunisikia nikiwa nimesimama mlangoni na redio imezimwa.

Ufundi huo wa kusahihisha makosa, LDPC, aliugundua Mmarekani Robert Gallager kwenye tasnifu yake ya udaktari pale MIT mwaka 1960. Kompyuta za wakati ule zilikuwa hazina ubavu wa kuubeba, ukawekwa kabatini zaidi ya miaka thelathini, hadi watu wakaja kuuchimbua tena miaka ya 1990. Leo unatuletea bei ya sangara. Nikiona kijana anakata tamaa kwa sababu bosi hajasoma ripoti yake ya wiki iliyopita, huwa namsimulia habari za Gallager.

Sasa, tatizo langu si mvua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea kulalamika. Kwa mvua ACM inajitahidi kuliko wafanyakazi wengi ninaowafahamu. Tatizo langu lilianzia kwenye ofisi yenye kiyoyozi, mbele ya kijana wetu wa mauzo mwenye tai.

Linki ya kisiwani ina alama milioni nne kwa sekunde. Namba hiyo haibadiliki, jua wala mvua, kwa sababu ndiyo nafasi tuliyokodi kule angani, kama megahezi 4.8 hivi. Mbingu zikiwa safi, modemu inapanda hadi 16APSK robo tatu, ambayo hutoa karibu biti tatu kwa kila alama. Milioni nne mara tatu, biti milioni kumi na mbili kwa sekunde, yaani mega kumi na mbili. Mvua ikianza tunashuka 8PSK robo tatu, mega tisa kasoro. Ikikolea, QPSK robo tatu, karibu mega sita. Radi ikipiga kwelikweli, QPSK nusu, mega nne. Na ikiwa mvua ya gharika, QPSK robo, mega mbili tu, lakini zipo, hazijakata.

Katika orodha hiyo yote, kijana wa mauzo alichukua namba gani kwenda nayo kwa mteja? Jibu unalo. Mkataba umeandikwa mega kumi na mbili kwa wino mweusi. Upatikanaji wa huduma, asilimia 99.9, yaani ruhusa ya kukata ni kama saa nane na dakika arobaini na tano kwa mwaka mzima. Habari ya kushuka ngazi haimo. Mkataba unazijua hali mbili tu, imekata na haijakata. ACM yenyewe iliundwa ili linki isikate. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ripoti yangu inaonyesha tumetimiza mkataba, bosi wangu anafurahi, na mteja ana hasira za kunitafuna mbichi. Wote wana haki. Mimi nipo katikati, na simu.

Zamani ugomvi huu haukuwepo. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika pwani yetu mwaka 2009, karibu intaneti yote ya huku ilipita kwenye satelaiti, na modemu nyingi zilikuwa na ngazi moja tu. Mafundi walipiga hesabu ya mvua mbaya kabisa ya mwaka, wakaweka linki kwenye ngazi itakayoihimili, ikabaki hapohapo Januari hadi Desemba. Ukipewa mega nne, ni mega nne masika na kiangazi. Ulikuwa unalipia mwavuli wa mwaka mzima kwa ajili ya mvua ya saa chache, lakini hakuna aliyejua, na asiyejua hapigi simu. ACM ilichokifanya ni kumwonyesha mteja mega nane ambazo siku zote zilikuwa zinalala bure. Akishaziona mchana, usiku zikiondoka anasema ameibiwa.

Na ziwa lenyewe limekaa upande wa wanaolalamika. Mwenye kulala kisiwani anajua: usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote, unakutana juu ya maji yenye vuguvugu, na mawingu ya radi yanajengeka gizani. Mvua nyingi ya ziwani hushuka usiku wa manane hadi asubuhi, na upande wa magharibi ndio wenye mgao mnono. Hiyo ndiyo saa mitumbwi inarudi mwaloni na sangara. Ndiyo saa mizani inafunguliwa, bei za kilo na za mabondo zinatakiwa zitoke makao makuu, wavuvi wamejipanga wameloa na hawataki hadithi. Angetafutwa mtu apange ratiba ya mvua kwa nia ya kumkomoa mhasibu, asingepata saa nzuri kuliko hiyo.

Mvua zenyewe hazilingani, na hili nalo sijapata wa kunielewa. Ile ya rasharasha ya Lushoto inayodondoka kutwa nzima mpaka nguo zinaota ukungu, linki ya bendi ya Ku haina habari nayo. Kinachotuumiza ni matone manene ya mvua ya radi. Kwenye gigahezi 11 za kushuka na 14 za kupanda, matone hayo hunywa na kutawanya mawimbi kiasi kwamba ishara inaweza kupoteza desibeli kumi, maana yake imebaki sehemu moja ya kumi. Nusu saa, kisha jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Sasa mimi nimwambie nini tajiri mwenye kampuni, aliyeamka saa tatu asubuhi, akafungua simu, akapata mega kumi na mbili, na mbele yake amesimama mhasibu anasema alfajiri kulikuwa hakuna mtandao? Tajiri huamini anachokiona. Mhasibu huamini nimembania kwa makusudi.

"Kaka, bora ingekata kabisa," aliniambia siku moja, na nikagundua anamaanisha. Ikikata, anawatangazia wavuvi kwamba mtandao hakuna, anafunga daftari, anakwenda kunywa chai na chapati, dhambi iko angani. Ikitambaa, inambidi akae pale anatazama kiduara kinavyozunguka, wavuvi nao wanamtazama yeye.

Turudi kwenye kuiweka sawa hiyo ACM, maana kuna wanaodhani ni kubofya "washa" ukaondoka. Jambo la kwanza ni akiba. Satelaiti yetu iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Modemu ya kisiwani ikipima ishara na kutuma taarifa, taarifa inapanda umbali huo na kushuka umbali huo. Robo sekunde imekwenda. Modemu ya Dar ikibadilisha ngazi, mabadiliko nayo yanapanda na kushuka, robo nyingine. Hapo hujahesabu muda wa kupima na kuamua. Mvua kali inaweza kula karibu desibeli nzima ndani ya sekunde, kwa hiyo habari unayoifanyia kazi ni ya zamani, na ukikaa ukingoni mwa ngazi utadondoka kabla hujaambiwa uko ukingoni. Ndiyo maana unaacha desibeli moja hivi ya akiba juu ya kizingiti cha kila ngazi. 16APSK robo tatu kwa hesabu ya kitabuni inataka 10.21, mimi sipandi hapo mpaka nione kumi na moja na kitu.

Bosi wangu akiiona hiyo akiba anaumia kama vile imetoka mfukoni mwake. "Hii desibeli moja imekaa hapa inafanya nini?" Inafanya kazi, bosi. "Ingetupandisha ngazi." Ingetupandisha, kisha ingetudondosha. Kijana ninayefanya naye kazi yeye ana ugonjwa mwingine: anataka akiba ya desibeli tatu, alale. Desibeli tatu ni nusu ya nguvu yote. Ukimwacha, linki itakuwa tulivu kama kisima, na mteja atakuwa analipia 16APSK huku anakula 8PSK mwaka mzima. Kati ya bahili na mwoga ndipo ninapotafutia riziki.

La pili ni kuizuia isipapatike. Kama ngazi inashuka kwenye kumi na moja na inapanda kwenye kumi na moja hiyohiyo, wingu dogo tu likipita modemu itapanda na kushuka mfululizo, na kila ikifanya hivyo kasi inayumba na mitambo ya juu yake inachanganyikiwa. Kwa hiyo kushuka unaruhusu papo hapo, bila kikao. Kupanda unaweka masharti: ishara izidi kizingiti kwa sehemu ya desibeli, na ikae hivyo sekunde kadhaa, tuone kama imetulia kweli. Ni utaratibu uleule unaotumika maofisini, kushushwa cheo ni leo, kupandishwa subiri kamati.

La tatu ni dogo na ndilo lenye balaa. Modemu ya Dar isiposikia tena taarifa kutoka kisiwani, ifanye nini? Mwenye akili atasema ishuke ngazi ya chini kabisa, kwa sababu ukimya huenda ni gharika. Kuna fundi alinitangulia kwenye linki fulani, jina lake nimelihifadhi moyoni, aliiacha iendelee na ngazi ya mwisho iliyokuwa nayo. Mvua ikipiga, njia ya kurudi inakufa kwanza, Dar inabaki inamwaga 16APSK kwa mtu aliyezama, na hakuna kinachosikika mpaka mvua iishe. Wenye linki waliishi hivyo masika nzima wakijua ndiyo tabia ya satelaiti.

Halafu kuna waganga wa "ongeza pawa". Hawa wako kila wilaya. Ishara ikiwa dhaifu, dawa yao ni kuongeza nguvu ya kurusha hadi mwisho wa kitufe. Kwenye QPSK wanaweza kuponea hapo. Lakini 16APSK ina nukta zake kumi na sita katika duara mbili, moja kubwa na moja ndogo, na kipaza nguvu kilichokabwa hadi mwisho hakiwezi tena kutofautisha duara kubwa na ndogo. Kinazibana pamoja, nukta zinasambaa, na ubora unashuka kadiri unavyoongeza. Nimeshamwelekeza mtu kwa simu apunguze desibeli mbili, akanijibu kwa upole wa kumjibu kichaa, "Mzee, tunataka ipande." Punguza, mwanangu. Alipunguza, ikapanda, na mpaka leo anaamini nilikuwa nimewasha kitu kingine Dar.

Pawa yenyewe ina mdomo wake pia. Upande wa Dar tumeweka utaratibu unaoongeza nguvu wenyewe mvua ikinyesha, na ukiuacha huo na ACM bila kupanga nani atangulie, vitagombana: huyu anaongeza nguvu wakati yule ameshashuka ngazi, kisha yule anaona ishara nzuri anapanda, huyu anapunguza. Panga nguvu itangulie hadi kikomo, ngazi ishuke baadaye. Na kikomo ukiheshimu, maana mwenye satelaiti amekukodisha megahezi pamoja na kiasi cha nguvu, na ukizidisha atakupigia kwa Kiingereza kisicho na masihara.

Hiyo mvua ya Dar ndiyo inayonivunjia heshima kabisa. Ishara ya kwenda kisiwani inaanzia kwenye dishi letu hapa mjini. Masika ikichachamaa, Jangwani kumejaa maji, mabasi yamesimama, nguvu ya dishi letu ikafika kikomo, basi ngazi inashuka hata kama kule kisiwani hakuna wingu. Siku moja ya namna hiyo mhasibu hakupiga simu. Alituma picha. Anga ya bluu, ziwa limelala, mtumbwi mmoja kwa mbali. Chini ameandika: "Mvua iko wapi?" Nikajibu iko Dar. Hakujibu, ila nilielewa kwamba nimeandikwa mahali.

Na ikaja Machi. Karibu na Machi 21, na tena karibu na Septemba 23, kwa siku chache jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti ukiitazama kutoka kwetu huku karibu na ikweta. Dishi linapoitazama satelaiti linakuwa limelitazama jua moja kwa moja, na jua ni mtambo wa kelele usio na mfano. Kelele ikipanda, modemu inashuka ngazi, dakika chache, kisha inarudi. Hakuna wa kulaumiwa, ni mpangilio wa mbingu. Lakini jiweke kwenye nafasi yangu, mtu niliyekwisha kuwafundisha watu wale kwa taabu kwamba mvua ndiyo adui, napokea simu mchana kweupe: "Fundi, leo hakuna mvua Dar, hakuna mvua huku, jua linachoma. Shida ni nini?"

"Shida ni jua, dada."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko robo sekunde ya satelaiti.

Sasa nifike kwenye kikao, maana huko ndiko ACM ilikonipeleka. Modemu ikishuka kutoka mega kumi na mbili hadi nne, ruta iliyo pembeni yake haijui. Inaendelea kusukuma kumi na mbili. Zinazozidi zinapanga foleni ndani ya modemu, foleni inakuwa ndefu, simu za ofisini zinaanza "haloo, haloo", mfumo wa malipo unakata tamaa. Dawa ipo: modemu iiambie ruta kasi ya sasa hivi, na ruta ipange nani apite kwanza njia ikiwa nyembamba. Kiufundi ni kazi ya jioni moja. Kibinadamu ni kazi ya bunge, kwa sababu lazima uwaulize watu swali ambalo hakuna ofisi inayopenda kuulizwa: nani kati yenu hana haraka?

Hayupo. Mhasibu alisema mizani na malipo, na hakika alikuwa na hoja. Msimamizi wa mwalo alisema simu. Mlinzi mkuu alisema kamera, na kamera hizo zinatuma video Dar usiku na mchana kwenye skrini ambayo, nikiri kwa niaba ya walioajiriwa kuitazama, imezimwa. Tajiri alisubiri wote wamalize, akasema simu yake yeye iwe ya kwanza kabisa.

"Ni kwa matumizi gani, mzee, ili nipange vizuri?"

"Ya kiofisi."

Matumizi ya kiofisi, kwa jinsi yalivyoonekana kwenye ruta, yalikuwa video ndefu za malori yaliyotumika yanayouzwa Japani. Sikuuliza zaidi. Huenda ndiyo ofisi yenyewe. Nikapanga: tajiri daraja la kwanza, mhasibu la pili, simu la tatu, kamera mwishoni. Na hapo ndipo fumbo la alfajiri linapofunguka, kama ulikuwa bado unajiuliza, kwa sababu siku hizi tajiri naye ameanza kuamka mapema, kabla ya swala, na lori la tani kumi likiwa kwenye mega nne za mvua, mizani inabaki na chenji.

Mtu mwingine angeshauri waachane na satelaiti ya mbali, wafunge zile za chini. Tajiri ameshanitajia Starlink. Kenya wanayo tangu 2023, ana ndugu Kisumu. Sina ugomvi nazo. Ziko kilomita mia kadhaa tu juu, zinajibu haraka, na kwa mtu aliyezoea robo sekunde yetu ni raha tupu. Ila nazo zinatumia bendi ya Ku kumfikia mteja, matone ni yaleyale, na nazo zina ngazi zao za kushuka. Tofauti ni kwamba zikitambaa atampigia nani? Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikaenda kwa kuchechemea, walionipigia kuniuliza "lile dishi lako bado lipo?" walikuwa ni walewale waliokuwa wamesema limepitwa na wakati. Siku hiyo hakuna aliyeuliza ngazi. Mega mbili zilipokelewa kwa shangwe na vigelegele.

Wiki iliyopita imekuja barua rasmi, yenye muhuri. Tajiri anataka ACM izimwe. Anataka mega kumi na mbili alizozisaini, ziwe kumi na mbili mvua na jua, asisikie tena habari za ngazi. Bosi wangu akaniletea niijibu, maana yeye ana kikao.

Nimeijibu kwa heshima zote. Nimemweleza kwamba kuizima ni dakika chache tu. Tukiizima na kubaki 16APSK, atakuwa na mega kumi na mbili au sifuri, na sifuri itakuja alfajiri, mitumbwi ikiwa imefika. Kama anataka kumi na mbili zisizoshuka hata kwenye radi inayotupeleka QPSK nusu, linawezekana pia: tunakodi nafasi mara tatu ya ile ya sasa, megahezi 14 na ushee badala ya 4.8, tunanunua kipaza nguvu kikubwa zaidi, na kodi ya satelaiti inalipwa kila mwezi kwa dola. Nimeambatanisha ofa yenye bei zote, na mchoro wa rangi, faili zito kidogo.

Nimeituma saa nane mchana, mbingu zikiwa safi kwetu na kwao, na imefika mara moja. Mhasibu amenipigia kusema ameiona, na kwamba ataifungua kesho asubuhi na mapema akiingia ofisini.